Kuchagua Mpiganaji wa Kujifunza: Funzo kwa Mwalimu Anayeanza Kazi

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wanachuo wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za mkoa wa Simiyu na mikoa jirani. Mada yake huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji. Tutazungumzia michezo ya mapigano ya kompyuta, ile ambayo wapiganaji wawili huonekana kwenye kioo cha televisheni au cha simu, kila mmoja akiongozwa na mchezaji wake. Na hasa tutaeleza namna mchezaji anavyomchagua mpiganaji wa kujifunza. Hatukusudii kushauri kwamba michezo hiyo iingizwe darasani. Tunalotaka kulichunguza ni hili: mtoto ambaye mwalimu wake amemwandika kuwa ni mzito wa kushika, akiwa nje ya shule huweza kushika mfuatano mrefu wa mapigo, nyakati zake na majibu yake, bila kufundishwa na mtu yeyote mwenye cheti. Mwalimu anayejali kazi yake hana budi kujiuliza jambo hilo huwezekanaje.

Hali ilivyo katika vibanda

Mjini Bariadi, kama ilivyo Maswa, Mwanhuzi na Lamadi kwenye njia kuu ya Mwanza na Musoma, vibanda vya gemu si kitu kigeni. Kibanda chenyewe hakina makuu: televisheni, mashine ya kuchezea, pedi mbili, benchi, na mwenye kibanda apokeaye malipo ya kila mechi. Mpira wa miguu ndio wenye wapenzi wengi, lakini michezo ya mapigano nayo ina watu wake, na mmojawapo ulio mashuhuri ni Tekken. Toleo la tatu la mchezo huo lilitoka mwaka 1997 kwa mashine za kumbi za michezo, na mwaka 1998 kwa PlayStation; toleo la nane lilitoka Januari 2024 likiwa na wapiganaji 32 wa kuchagua. Wenye simu nzuri hucheza matoleo ya zamani kwa programu maalumu, na wachache wenye mashine zao na intaneti ya kuaminika hupambana na watu wasiowajua walio katika nchi nyingine.

Tumtazame mtoto wa darasa la nne akiwa ameshika pedi. Maandishi yaliyo mbele yake ni ya Kiingereza. Nyumbani huzungumza Kisukuma, na Kiswahili chake kingi amekipata shuleni. Hata hivyo, baada ya majuma machache anajua pigo lipi hukingwa kwa kuinama, lipi kwa kusimama, na lipi likikosa humwacha mpigaji wazi. Wanaosema kwamba lugha ni kikwazo kwa mtoto wa vijiji vyetu wana hoja nzito, nasi hatuipuuzi. Lakini yafaa tuone kwamba pale kibandani kitendo hutangulia neno. Mtoto hubonyeza, huona matokeo papo hapo, hujisahihisha, na jina la pigo hulipata baadaye kutoka kwa wenzake. Katika madarasa mengi mambo huwa kinyume: neno hutangulia, hurudiwa kwa sauti na darasa zima, na kengele hulia kabla kitendo hakijafika.

Kasi ya mambo hayo ni ya kustaajabisha. Picha za michezo hii hubadilika mara 60 kwa sekunde, na kila picha huitwa fremu. Kwa wapiganaji walio wengi wa Tekken, ngumi iliyo nyepesi kuliko zote hufika katika fremu ya 10, yaani takriban sehemu ya sita ya sekunde. Jicho na mkono wa binadamu haviwezi kuona na kujibu kwa muda huo. Kwa hiyo hakuna awezaye kuikinga ngumi hiyo kwa kuiona. Huikinga yule aliyekwisha kujua kwamba, katika hali iliyopo, ndiyo inayotarajiwa. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma orodha ya mapigo. Hupatikana kwa kurudia hali ileile mara nyingi ukiwa na chombo kilekile mkononi. Hapo ndipo tunapofikia suala la uchaguzi.

Jinsi wanavyochagua

Mchezaji mgeni huchagua kwa sura. Atampenda King kwa sababu ya kichwa chake cha chui, au Yoshimitsu kwa upanga wake. Hakuna ubaya katika hilo, maana kupenda ni mwanzo wa kujifunza, na mtoto asiyempenda mpiganaji wake hatavumilia kushindwa naye. Mwingine huchagua kwa kufuata bingwa wa kibanda. Akimwona bingwa anamtumia Kazuya, naye atamtaka Kazuya, asijue kwamba ngumi mashuhuri ya mpiganaji huyo hudai vidole vya kufuata amri kwa usahihi wa fremu moja, na kwamba bila usahihi huo Kazuya ni mzigo.

Kisha yupo achaguaye kwa ushindi wa haraka. Waliocheza toleo la tatu wanamkumbuka Eddy Gordo, Mbrazili wa mtindo wa kapoera, ambaye mtoto yeyote aliweza kumtumia kwa kubonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo, na miguu ikazunguka kama pangaboi. Siku ya kwanza mtoto huyo huwashinda wenziwe. Siku ya kumi hushindwa na kila mmoja, kwa sababu wenziwe wamejifunza kukinga na kungoja, ilhali yeye hakujifunza chochote. Hajui hata ni kitufe kipi kilichompa ushindi wa jana. Tunawaomba wanachuo walitafakari jambo hili kwa makini. Katika kazi yetu wapo akina Eddy wengi. Darasa linaloimba jedwali la kuzidisha kwa sauti moja humpendeza mkaguzi anayepita barandani, na mwalimu hujiona ameshinda. Lakini mwite mtoto mmoja ubaoni, mpe 7 × 6 bila kuanzia 7 × 1, ndipo utakapojua kama kuna kilichojengwa.

Mchezaji mwenye uzoefu, akiulizwa na mgeni, aghalabu atamshauri achague mpiganaji mwenye mapigo machache ya kutegemewa, mfano Paul, halafu akae naye. Orodha ya mapigo ya mpiganaji mmoja katika Tekken yaweza kupita mia moja. Hakuna mwanzilishi anayeyahitaji yote. Huhitaji pigo la kuanzia, pigo la kumwadhibu aliyekosea, njia ya kumfikia anayekinga kwa kusimama, na subira. Akikaa na hayo kwa muda wa kutosha, jambo la pili hutokea ambalo wageni hawalitarajii: huanza kuwajua wapiganaji wengine wote, kwa sababu kila mmoja hukutana naye akiwa na swali lilelile, yaani, “Huyu nikiwa na vitu vyangu hivi vinne, namfanyaje?” Anayebadilisha mpiganaji kila jioni hubadilisha na swali, na majibu yake hayajengeki.

Wazee wetu wa Usukumani walilielewa jambo hili katika ngoma. Mchezaji hakuingia Bagika na Bagalu kwa pamoja. Alichagua upande, akajifunza nyimbo, mavazi na mbinu za upande huo, na siku ya mashindano vikundi viwili vilicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, mshindi akawa yule aliyevuta watu wengi zaidi. Aliyejifunza nusu ya kila upande asingekuwa na mahali pa kusimama.

Mfano wa Lahore

Tuna ushahidi kutoka mbali kidogo. Mwezi Februari 2019, katika mashindano ya EVO yaliyofanyika Fukuoka, Japani, mchezaji wa Kipakistani aitwaye Arslan Siddique, ajulikanaye zaidi kama Arslan Ash, alishinda Tekken 7 ilhali wapenzi wengi wa mchezo huo duniani hawakuwa wamemsikia. Agosti ya mwaka huohuo alishinda tena Las Vegas, Marekani, akimshinda katika fainali Mkorea aitwaye Knee, ambaye sifa yake kubwa ni kuwamudu wapiganaji wengi kuliko karibu mtu yeyote. Silaha kuu ya Arslan wakati huo ilikuwa mpiganaji mmoja, Kazumi. Hakunolewa na mitambo ya gharama; alinolewa katika kumbi za Lahore, akicheza ana kwa ana na vijana wenzake ambao, kama alivyoeleza mwenyewe baada ya ushindi, baadhi yao walikuwa hodari kama yeye au kumpita. Mwaka 2024 Tekken 8 ilipokuja naye akashinda tena Las Vegas, alimtumia mpiganaji mwingine kabisa, Nina. Kumjua mmoja kwa undani hakukumfunga. Alibeba kutoka kwa Kazumi ujuzi wa umbali, wa muda na wa tabia za mpinzani, akaujaza katika mwili mwingine.

Karibu na kwetu zaidi yupo Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama Queen Arrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani kwa ajili ya mchezo huohuo wa Tekken. Tunamtaja kwa sababu wasichana wa shule zetu husikia mara nyingi kwamba pedi ni ya wavulana, na mwalimu mwanachuo anaweza kulijibu hilo kwa jina moja.

Kanuni ya benchi

Si kila kitu cha kibandani kinafaa kuigwa. Ipo desturi ya kwamba anayeshindwa hutoka na anayeshinda huendelea kukaa. Ni desturi yenye haki ya aina yake, na huleta msisimko. Lakini tuihesabu kwa macho ya mwalimu. Aliye hodari hucheza mechi kumi jioni moja. Aliye dhaifu hucheza moja na kurudi kungoja zamu. Hivyo, anayehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayepata mazoezi machache kuliko wote, na pengo huongezeka kila siku bila mtu yeyote kukusudia mabaya.

Tunaposimama nyuma ya madarasa ya wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, tunaiona kanuni ya benchi ikitumika karibu kila kipindi. Mwalimu anauliza, mikono ya mbele inanyooka, anachaguliwa mtoto aliyejibu mara tatu tayari, darasa linampigia makofi. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, wamo watoto ambao hawatasema neno hadi mwisho wa kipindi cha dakika 40. Katika msimu wa pamba baadhi yao watakosa siku kadhaa, na wakirudi watarudi palepale dirishani. Baadhi ya hao ndio tunaowakuta kibandani saa za masomo, na jambo la kwanza linalofikiriwa ni fimbo. Tunashauri lifikiriwe kwanza jambo jingine: kibandani angalau walipata mechi moja.

Mchezo wa mtandaoni umelitatua tatizo hili kwa njia inayostahili kusomwa. Programu humpa kila mchezaji daraja, akishinda hupanda, akishindwa hushuka, na humtafutia mpinzani wa daraja lililo karibu na lake. Anayeshindwa hatoki, hupewa mwingine anayelingana naye. Katika darasa la watoto themanini hatuna programu ya kutupangia, lakini tuna karatasi, na tunaweza kuwaweka watoto wawili wawili kwa kazi zinazolingana na uwezo wao, kila jozi ikiwa na swali lake.

Ishara inayochelewa

Kucheza kupitia intaneti kuna adha yake, na adha hiyo ina somo. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Toka Bariadi hadi Johannesburg, kwa mstari wa moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 2,500. Kwa hiyo hata kama waya ungenyooka, ishara ya kwenda na kurudi ingechukua zaidi ya fremu moja na nusu. Waya haunyooki: hushuka pwani, hupita baharini, na njiani hupitia mitambo mingi, kila mmoja ukiongeza ucheleweshaji. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Watanzania wengi waliona jinsi mawasiliano yetu yanavyotegemea nyuzi chache zilizolala chini ya bahari.

Ishara ikichelewa, mchezaji hubonyeza sasa na kuona matokeo baadaye. Athari mbaya kuliko kushindwa ni kwamba hujifunza vibaya. Huzoea kubonyeza mapema kuliko inavyopasa, na siku akicheza ana kwa ana vidole vyake vinamdanganya. Mwanachuo na afikirie daftari la Hisabati lililokusanywa Jumatatu na kurudishwa Ijumaa ya juma la pili. Mtoto aliyekosea kuazima katika kutoa ameshakosea vilevile katika mazoezi manne yaliyofuata, na alama nyekundu inapomfikia hakumbuki alikuwa akifikiri nini. Ni afadhali maswali matatu yaliyosahihishwa mtoto akiwa bado ameshika penseli kuliko kumi na mawili yaliyosahihishwa baada ya siku kumi. Kwa darasa kubwa, tembea katikati ya madawati ukiwa na kalamu, sahihisha swali la kwanza tu la kila mmoja, ukimaliza mstari mmoja utakuwa umeshajua kosa linalowasumbua wengi.

Mnamo mwaka 2006 Mmarekani Tony Cannon alianza kutengeneza programu iitwayo GGPO ili kupunguza adha ya ucheleweshaji. Njia yake ni ya kubahatisha kwa akili: mashine haingojei ishara ya mpinzani, hukisia kwamba anaendelea kufanya alichokuwa akifanya, na mchezo unasonga. Ishara ya kweli ikifika na kukuta kisio ni kosa, mashine hurudi nyuma fremu chache, husahihisha, kisha huendelea, mara nyingi mchezaji asitambue. Walimu nasi hukisia kila dakika. Tunauliza, “Mmeelewa?” na darasa linaitikia, “Ndiyo mwalimu!” nasi tunasonga mbele. Kukisia si kosa, maana somo haliwezi kusimama kumngoja kila mtoto. Lakini mashine ile hukagua kisio chake kila mara, na ina pa kurudi. Mwalimu ambaye andalio lake la somo halina dakika hata tano za kurudi nyuma hukisia tu.

Mwanachuo achague nini?

Sasa tuje kwenye mazoezi ya kufundisha. Katika sehemu ya njia za kufundishia, maandalio mengi tunayoyapokea yamejazwa maswali na majibu, majadiliano ya vikundi, igizo, bungua bongo, onyesho na ziara, yote kwa kipindi kimoja. Tunaelewa sababu: mwanachuo anaona kwamba njia nyingi zitampa alama nyingi. Sisi tunaosahihisha tunasema wazi kwamba si hivyo. Mwanachuo wa namna hiyo ni mchezaji anayebadilisha mpiganaji katikati ya mechi.

Kwa majuma mawili ya kwanza, chagua njia moja ya kutegemewa. Ushauri wetu ni maswali na majibu, kwa sababu haidai kifaa, hufaa kila somo, na ubora wake au udhaifu wake huonekana mara moja. Usiidharau kwa urahisi wake. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi hungoja baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu. Walipoongeza hadi sekunde tatu hivi, majibu yakawa marefu zaidi, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde moja ni fremu 60. Kibandani ni muda mwingi mno. Kwa mtoto wa Itilima au Meatu anayelisikia swali kwa Kiswahili, akaliwaza kwa Kisukuma, kisha akalitafutia jibu maneno ya Kiswahili mbele ya wenzake themanini, ni muda usiofika hata katikati ya safari.

Ukae na njia hiyo hadi ujue jinsi inavyojibu katika hali mbalimbali: asubuhi na baada ya chakula cha mchana, kwenye Hisabati na kwenye Maarifa ya Jamii, kwa mtoto mwepesi na kwa aliyekosa siku nne. Juma la tatu ongeza kazi za jozi. Hutaanza upya, kwa kuwa utakuwa umekwisha kuwajua watoto.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano wetu wa mwisho wa juma la kwanza ni hii. Keti nyuma ya darasa la mwanachuo mwenzako kwa kipindi kimoja ukiwa na saa yenye mshale wa sekunde. Andika muda kati ya mwisho wa kila swali na sauti inayofuata, iwe ya mtoto au ya mwalimu mwenyewe. Chora mpango wa madawati na uweke alama kwa kila mtoto aliyejibu. Halafu mbadilishane. Mkija, leteni michoro yote miwili, yako na ya mwenzako, na msiifute wala kuinakili upya kwa usafi. Tunataka kuona madawati yasiyo na alama.